Joka Lililopuliza Salfa

Harufu ya salfa haibishi hodi. Unalala umefunga madirisha yote, unaamka imeshaingia, imekaa kwenye pazia, kwenye mto, mpaka kwenye chai. Wageni wakifika Newala msimu wa kupulizia mikorosho huuliza kama kuna yai limeoza mahali. Sisi wenyeji hatuisikii kama uozo. Kwangu mimi ni harufu ya dini. Najua maneno hayo yanahitaji maelezo, na nimekuwa nikiyatafuta tangu juzi, nimekaa barazani kwa marehemu Bibi na kompyuta mapajani, nikisoma upya ombi la kazi ambalo nilimaliza kuliandika wiki iliyopita.

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe kwa simu, nausoma tena baada ya kuutuma, kana kwamba maneno yanaweza kubadilika njiani. Rafiki yangu mmoja wa chuo alikuwa akisema nikifa nitaamka kaburini kuhakikisha. Sikuyaanza haya ukubwani. Nilikuwa darasa la nne, mwaka ule mama yangu alipolazwa Ndanda na mimi nikapandishwa Newala kwa Bibi, mama yake mzazi. Ndio mwaka huohuo nilipokutana na joka.

Nyumbani kwetu ni Masasi. Mama alikuwa mjamzito, na kabla ya hapo mimba mbili hazikufika. Ndivyo watu wazima walivyosema mbele yangu, "haikufika," na mimi nikapata picha ya mtoto aliyepanda basi likamharibikia njiani. Niliamini yuko mahali fulani kati ya huko na huku, amekaa juu ya begi lake, anasubiri fundi. Safari hii madaktari walisema Mama asirudi nyumbani, abaki karibu na wauguzi mpaka ajifungue. Baba alikuwa akishinda njiani kati ya hospitali na shamba letu la Lupaso. Kwa hiyo Bibi alishuka kutoka Newala kuja kunichukua, na tukapita Ndanda kumuaga Mama.

Tulimkuta amelala ubavu, miguu imeinuliwa juu ya mito. Alinishika sikio, kama alivyozoea, akasema, "Uniombee, mwanangu. Wewe ukiomba, Mungu anasikia upesi."

Alitaka kunituliza. Nilichosikia mimi ni mgawanyo wa kazi. Madaktari wana yao, Baba ana yake, na yangu ni hii. Na katika kazi zote tatu, yangu peke yake ndiyo haikuwa na msimamizi. Daktari akikosea, daktari mwenzake atamwona. Mimi nikikosea nani atajua? Nitajulia wapi, ila mtoto asipofika?

Hapo ndipo kurudia kulipoanza. Kwenye chuo cha Kurani pale Newala, kwa Maalimu, tulifundishwa kwamba ukitawadha ukaacha mahali pakavu, hata padogo, udhu haujatimia, na bila udhu hakuna sala. Wenzangu walilisikia hilo wakaendelea na maisha yao. Mimi nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Shida yangu ilikuwa kiwiko cha kushoto. Jaribu sasa hivi kukitazama kiwiko chako uone kama utakiona chote. Nilikuwa nikifika miguuni nakikumbuka kiwiko, narudi mwanzo. Nikishasimama kwenye mkeka, rakaa ya pili, nahisi kama sikutia nia. Narudi mwanzo. Sala ya Adhuhuri iliweza kunikutanisha na adhana ya Alasiri.

Kwingine labda mtoto kama huyo angeitwa mcha Mungu. Lakini Newala iko juu ya uwanda, na juu kule hakuna mto wala kijito. Nyumba ya Bibi ilikuwa na kisima cha saruji kilichojazwa na maji ya paa wakati wa masika, na maji hayo ndiyo hayo hadi mvua nyingine. Bibi alikifunua kisima kile kama alivyofunua sanduku la kanga zake, kidogo, kwa jicho moja, akafunga.

"Wewe mke mwenzangu," aliniita siku ya kwanza kunikuta uani, maana ndivyo alivyonitania tangu nazaliwa. "Unatawadha au unafua?"

"Natawadha, Bibi."

"Na hilo kopo?"

"Hili ndilo la mwisho."

"La mwisho ulisema lile lililopita! Maji haya tunakunywa mpaka vuli. Malaika wakikuchungulia hapa si watadhani unavua samaki?"

Alipokasirika kabisa alihamia Kimakonde, ambacho nilikielewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha. Basi nikaanza kutawadha kwa siri nyuma ya choo, kwa maji niliyoyabana kutoka kwenye kikombe changu cha kunywa. Nilikuwa na kiu muda wote. Nilikuwa na hakika kwamba Mama hajambo kwa sababu ya kiu ile.

Joka lilikuja na mandazi.

Nje ya shule aliuza Mama Sharifa, jirani wa Bibi, ambaye mwanawe Sharifa alikuwa darasa moja nami. Mandazi yake aliyafunga kwa kurasa za vitabu chakavu alivyonunua kwa kilo. Siku moja nilimaliza andazi langu, nikalamba sukari, nikaanza kusoma karatasi kwa sababu sijui kuacha maandishi yapite. Lilikuwa joka. Lilikuwa limelala juu ya mlima, mabawa limeyakunja kama mwavuli uliovunjika, na puani mwake, kitabu kilisema, ulitoka moshi wa njano wenye harufu kali ya salfa.

Nadhani mwandishi alitaka mtoto aogope hapo. Hakujua kitabu chake kitafika kwa watu wa korosho. Nilimpa Sharifa, akasoma huku midomo ikicheza, kisha akaniangalia, na nikaona amewaza nilichowaza.

"Linapuliza bure?" akauliza.

Lazima nieleze kwa asiyekulia huku. Mkorosho ukitoa maua, huja ugonjwa unaoitwa ubwiri unga. Unayapaka maua weupe kama mtu kamwaga sembe juu yake, yanakauka, na hapo hakuna korosho, hakuna sare mpya, hakuna bati. Kinachozuia ni salfa. Baba Sharifa ndiye aliyekuwa na mashine ya kupulizia, anaibeba mgongoni, inanguruma, inatema wingu la njano kwenye miti alfajiri umande ukiwa bado haujakauka. Watu walimpangia foleni kama daktari. Sasa hapa palikuwa na kiumbe kinachotema salfa chenyewe, bila petroli, bila mashine kukataa kuwaka, na kina mabawa, maana yake kinafika hadi matawi ya juu.

Kesho yake tulinunua andazi jingine. Mtoto wa mfalme alikuwa ananoa upanga aende kuliua joka.

"Amerogwa huyu?" Sharifa alisema. "Mikorosho yao nani atapulizia?"

Na kweli, upande wa pili wa karatasi hiyo kitabu chenyewe kilisema nchi ile ilikuwa na njaa. Tulitazamana kwa huzuni. Tulikuwa tumewaambia.

Hadithi ilikuja kama Mama Sharifa alivyozichana kurasa, na alichana popote mkono ulipoangukia. Mfalme alizikwa Jumatatu, Alhamisi akawa anaoa. Joka lilikuwa mara nyingi halifanyi lolote. Lilikuwa linalinda mlango wa pango, na hatukupata kamwe ukurasa wa kutuambia ndani ya pango kuna nini. Lakini mimi nilijua pango lenyewe liko wapi.

Pale Newala kuna mahali ardhi inakatika ghafla, unasimama ukingoni na chini yako ni bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Panaitwa Shimo la Mungu. Tangu nilipolisikia jina hilo nilikuwa nikiuliza Mungu ameweka nini mle shimoni. Bibi alijibu, "Ni jina tu." Kwangu hakukuwa na jina tu. Asubuhi za kipupwe bonde lile hujaa ukungu mpaka juu, kama sufuria ya uji, halafu jua likipanda ukungu unanyanyuka na kumwagika juu ya mashamba yetu. Sasa nilielewa. Mungu anafuga joka mle. Linaamka kabla yetu, linapuliza, linalala. Halikuwa adui wa mtu yeyote. Lilikuwa kazini.

Nikaanza kulisalimia mwishoni mwa dua zangu. Mimi na Sharifa tulibishana mchana mzima kama joka linaamkiwa. Yeye alisema mnyama haamkiwi. Nikamuuliza, ng'ombe wa miaka elfu ungempita kimya? Akakubali niliambie shikamoo, ila kwa sauti ndogo, watu wasisikie.

Sharifa alikuwa rafiki mwema ila hakuwa mtu wa siri. Katika muda mfupi chuo kizima kwa Maalimu kilijua habari za joka, hadi wadogo wanaosoma alifu kwa kijiti.

Maalimu alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye fimbo aliyoitumia kuonyesha herufi tu. Mahali pekee alipopandisha sauti ni alipoeleza Jehanamu. Alikuwa na kipaji. Wadogo walikuwa wanalia, wakubwa wanatazama chini, na mimi usiku sikulala. Alasiri moja akawa anaeleza, moto, giza, moshi wa njano, harufu ya salfa. Akanyamaza tulie. Hakulia mtu. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Maalimu, salfa ya huko ni ya unga au ya maji?"

Maalimu akafikiri hakusikia vizuri. Mwingine akadakia, "Inagawiwa kwa foleni au kila mtu anapata?"

"Nani kawafundisha haya?"

Sharifa akaninyooshea kidole, kwa fahari kabisa. "Yeye, Maalimu. Ndiye mwenye joka."

Jioni ile, kabla ya Magharibi, nilimwona Maalimu akiingia kwenye uwanja wetu na kanzu yake, nikajua nimekwisha. Bibi alikuwa anapepeta kunde. Nilimwamkia Maalimu, akaitikia marahaba bila kunitazama, akakaa kwenye kigoda. Waliulizana habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa wetu Ndanda, moja moja hadi zikaisha.

"Mama yangu," akasema Maalimu, "huyu mjukuu wako anawafundisha watoto kwamba Mungu ana joka."

"La nini?" Bibi akauliza.

"La kupulizia mikorosho."

Bibi akaacha kupepeta. Akanigeukia. "Linatumia petroli?"

"Halitumii, Bibi. Linapuliza kwa mdomo."

"Na salfa linanunua wapi?"

"Inatoka ndani yake yenyewe."

Bibi akamrudia Maalimu kwa adabu zote. "Maalimu, ukilipata hilo, nakuomba uanze na shamba langu."

Maalimu hakucheka, ila alikuna ndevu kwa muda mrefu kuliko zilivyokuwa zinawasha. Kisha akaniuliza, taratibu, "Unaliabudu?"

"Hapana, Maalimu. Nalisalimia tu."

"Unalisalimiaje?"

"Shikamoo."

"Linaitikia?"

"Bado."

Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshika karatasi iliyolowa mafuta, imekunjwa mara nne, nikaijua kwa mbali. Ilikuwa ya kitabu chetu. Alisema, kama mtu anayeeleza jinsi alivyoangukiwa na embe, kwamba juzi mkewe alileta mandazi. Akanipa nisome kwa sauti.

Mtoto wa mfalme alikuwa ametembea usiku kucha, amechoka, akaona mwamba wenye joto akaulalia. Asubuhi anaamka, kumbe si mwamba. Alikuwa amelala mlangoni kwa joka, ubavu kwa ubavu. Upanga ulikuwa umemponyoka. Akauliza, "Kwa nini hukuniunguza nilipokuwa nimelala?" Joka likafungua kinywa chake, likasema. Na ukurasa ukaishia hapo.

"Likasema nini?" Maalimu akaniuliza. Haikuwa sauti ya darasani.

"Sijui, Maalimu. Huo ukurasa hatujaupata."

"Nimenunua tena jana. Nimenunua na leo. Nimepata habari za harusi tu, na kiungulia." Akakunja karatasi, akasimama, akawa Maalimu tena. "Basi wewe mwenye joka, nakupa mpaka Ijumaa. Uniletee jibu lake. Ukishindwa, habari hizi zikome chuoni kwangu, watoto warudi kulia kama zamani."

Sijawahi kupewa mtihani mgumu kama ule, na nimefanya mitihani mingi. Maana swali lile lilikuwa langu. Kama nia zangu zilikuwa hazitimii, kama kiwiko kilikuwa kikavu, kama sala zangu zote tangu Ndanda zilikuwa mbovu, kwa nini sikuwa nimeunguzwa? Jibu nililolijua ni moja tu, na lilinikosesha usingizi: labda moto hautakuja kwangu. Labda utapitia kwa Mama.

Alhamisi alasiri Baba alipiga simu kwa kina Sharifa, ambao ndio waliokuwa na simu. Bibi alikwenda kuipokea, akarudi amejifunga kanga ya pili kiunoni kama mtu anayejiandaa kubeba kitu. Aliniambia Mama hajambo. Kisha nikamsikia uani akimwambia Mama Sharifa kwamba uchungu umeanza kabla ya wakati, na kwamba wanamwangalia.

Nilikwenda kisimani. Nilitawadha mpaka vidole vikakunjamana. Bibi aliniona, na safari hii hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Sasa, zamu yetu ya kupuliziwa ilikuwa Ijumaa hiyo alfajiri. Mtu wa mjini angesema zamu iahirishwe. Lakini maua yalikuwa yameshafunguka, Baba Sharifa alikuwa na foleni, na Bibi alisema akikaa nyumbani kusubiri simu atakula kucha zote. Tukaondoka kungali giza, Bibi na kidumu kidogo cha maji ya kutawadhia sisi wawili, tukasali huko huko shambani, maana shamba lake lilikuwa si mbali na ukingo.

Au tuseme Bibi alisali. Alitawadha kwa maji ya kujaza kiganja, akatandika kanga chini ya mkorosho, akamaliza. Mimi nilitawadha. Nikatawadha tena. Nilipokiinua kidumu mara ya tatu kilikuwa chepesi. Nilikitikisa. Nilikigeuza juu chini. Likatoka tone moja, nalo likaangukia mguu wa mbuzi wa jirani aliyekuwa amesimama hapo ananishangaa.

Mashariki kulishaanza kuwa kwekundu. Jua likichomoza, wakati wa sala ya alfajiri umekwisha. Nyumbani kwenye maji ni mbali. Na kiwiko changu, niliapa, nilikuwa nakisikia kikavu.

Hapo Baba Sharifa akavuta kamba ya mashine. Ilikohoa, ikakataa, ikanguruma. Bibi alikuwa amenikalisha upande ambao upepo unatokea, lakini upepo wa ukingoni haukai na neno lake. Wingu la njano lilitoka, likapanda mti wa kwanza, likajikunjua angani, likageuka, likaja. Nyuma yake niliona ukungu wa bonde umepanda mpaka ukingoni, mweupe, unachungulia juu ya shamba letu, na mawingu yale mawili yakakutana juu ya kichwa changu.

Sikukimbia. Nilisimama na kidumu kitupu nikatazama salfa ikishuka. Ilishuka kwenye maua. Ilishuka kwenye majani ambayo hayakuwa na ua. Ilishuka kwenye mti mkavu ambao Bibi alikuwa anangoja kuukata kuni, kwenye mkorosho wa jirani ng'ambo ya mpaka wa shamba, ambaye zamu yake ilikuwa bado, juu ya kanga, juu ya Bibi, juu ya mbuzi, ambaye alipiga chafya. Baba Sharifa alishahamia mti wa tatu. Hakurudi nyuma kuangalia kama kuna jani limeachwa. Ilinishuka kichwani, mabegani, na nilipoinua mkono nilikiona kwa mara ya kwanza kiwiko changu cha kushoto, kwa sababu kilikuwa cha njano chote, mpaka kule nyuma ambako maji, kwa hesabu zangu, hayakuwa yanafika.

"Sali!" Bibi akapiga kelele kushinda mashine. Nyusi zake zilikuwa za njano. "Jua hilo linatoka!"

"Bibi, nina vumbi!"

"Vumbi halivunji udhu!"

"Na kiwiko..."

"Kiwiko kipi tena! Sali na hicho hicho!"

Nikasali. Mashine ilikuwa inanguruma hata sikusikia kisomo changu mwenyewe. Nilipoinama salfa ilimwagika kutoka kwenye nywele. Nilipofika rakaa ya pili ile hofu ilikuja kwa saa yake, ikasimama karibu yangu, ikasema hukutia nia, rudi mwanzo. Sikuwa na namna ya kurudi mwanzo. Nyuma yangu maji yameisha, mbele yangu jua linakuja. Nikaendelea. Niliomba kwa ajili ya Mama na kwa ajili ya mtoto aliyekaa juu ya begi, nikalisalimia joka, nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto, na jua likachomoza.

Nikabaki nimekaa. Nilisubiri kuona kama nitaanza upya. Sikuanza. Ilikuwa kama kusubiri chafya ambayo haikuja.

Simu yao ililia mfukoni mwa Baba Sharifa alipozima mashine kuongeza petroli. Alisikiliza, akaja kwa Bibi amejitanda kitambaa usoni, akakishusha, mdomo wake peke yake ndio haukuwa wa njano. "Mama, umepata mjukuu. Wa kiume. Mdogo kama njiwa, lakini analia, wanamsikia mpaka nje."

Bibi alikaa chini palepale kwenye kanga. Alilia, na machozi yakamchora mistari miwili myeusi kwenye salfa. Kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

Sisemi kwamba sala ile ndiyo iliyomfikisha ndugu yangu. Nimesomea takwimu. Najua tofauti kati ya mambo mawili kutokea pamoja na moja kuleta jingine, na simu ya Baba ilisema alizaliwa kabla mashine haijawashwa. Nilipolijua hilo, nakumbuka, sikuona nimepunjwa. Nilipumua. Alikuwa ameshazaliwa mimi nikiwa bado natikisa kidumu.

Alasiri nilikwenda chuoni. Nilioga kwa ndoo moja na bado nilinuka. Maalimu aliwaachia wengine wasome, akaniita pembeni.

"Haya. Likasema nini?"

"Lilisema, 'Kwa sababu ulikuwa umeshafika.'"

Alinitazama. Nyuma yetu wadogo walikuwa wanaimba alifu, kila mmoja kwa mwendo wake.

"Yule alikuwa anahangaika kutafuta mlango," nikamweleza, kwa sababu nilidhani hajaelewa. "Kumbe ameulalia. Sasa limuunguze ili iweje?"

"Hilo halimo kwenye kitabu," akasema hatimaye.

"Kitabu mimi sijakiona, Maalimu. Na wewe hujakiona."

Akanipiga kidogo kwa kofia yake, akanirudisha mkekani. Jehanamu aliendelea kuifundisha, maana imo kwenye somo. Ila tangu siku hiyo, alipomaliza kuieleza aliongeza habari ya mlango. Wadogo waliacha kuuliza maswali ya salfa. Ukurasa wenyewe hatukuupata. Mama Sharifa alihamia magazeti.

Sikupona. Sitaki kumdanganya mtu wa rika langu anayesoma haya huku amefungua kurasa kumi za nafasi za kazi. Kurudia kulirudi, kukapata nguo mpya, kukaenda nami sekondari na chuo kikuu. Ila tangu shambani kwa Bibi nimekuwa najua kwamba kuna mahali pa kusimama ambapo hofu inasema na wewe unaendelea. Jana nilimpigia Sharifa, ameolewa Chiwata, nikamuuliza kama anakumbuka joka. "Lipi, lile la shikamoo?" akasema. "Mwanangu mdogo analisalimia mpaka leo. Hivi liliitikia?"

Leo asubuhi nimekaa barazani na ombi langu. Nilikuwa nimelisoma tangu kuamka. Kuna alama moja ya mkato nilikuwa naitoa na kuirudisha. Ngurumo ya mashambani ikakatika, baadaye nikasikia hatua, na kwenye kona ya nyumba akatokea mtu wa njano mtupu, mrefu, ana mashine mgongoni, anatoa moshi mabegani. Ni Mfaume, ndugu yangu, yule wa mdogo kama njiwa. Siku hizi ndiye anayepulizia, kwa mashine ileile ya Baba Sharifa, ambaye magoti yamemkatalia. Amekuja msimu huu kutoka Masasi, na haingii mlangoni bila kuinama.

"Dada, umeshatuma?"

"Naangalia kidogo."

"Si ulikuwa unaangalia jana?"

"Kuna mkato."

Akaja kusimama nyuma yangu, akasoma skrini huku anatweta, akapiga chafya. Salfa ikanyesha juu ya kibodi nzima, juu ya mikono yangu, juu ya mkato.

Nikabonyeza. Ikaenda.

Tulitazama skrini wote wawili kwa muda, kama watu waliorusha jiwe kisimani. Nilikuwa nasubiri kuona kama nitafungua tena kuhakikisha. Mfaume akatua mashine chini.

"Haya, nitilie maji nioge," akasema. "Na usinimalizie. Bibi alinisimulia."